Jibini ya Masisi na kasiksi viwekwe meza moja

Wiki iliyopita, hapa Birere, niliomba kasiksi katika mgahawa unaouza bugali, sombe na sambaza. Mama aliyekuwa akihudumia akacheka: "Hiyo tunakunywaka kule nyuma, papa. Hapa mbele ni bia na divai." Divai yenyewe ilikuwa ya katoni, nyekundu, tamu kama sukari. Niliinywa pamoja na sambaza za kukaanga. Sitarudia.

Waitaliano, ambao divai ni kinywaji chao cha kila siku, hawachanganyi ovyo. Katika bonde la Valtellina, kaskazini mwa nchi yao, wakati wa baridi wanapika polenta, unga wa mahindi unaosongwa kama bugali yetu, kisha wanaitia siagi na jibini. Wanaishushia divai nyekundu ya zabibu zinazolimwa kwenye miteremko ya bonde lilelile. Jimbo la Piemonte lina bagna cauda, mchuzi wa moto wa samaki wadogo wa chumvi, vitunguu saumu na mafuta. Huo hunywewa na Barbera, divai yenye uchachu. Uchachu unakata mafuta mdomoni. Utamu unayaacha palepale.

Sisi uchachu huo tunao. Kasiksi inatokana na maji ya ndizi mbivu na unga wa mtama uliokaangwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa kali. Ijaribu na kipande cha jibini ya Masisi iliyokauka kidogo, jioni ya mvua. Ijaribu na sambaza. (Kwa sombe ya mawese, nakiri, bia baridi bado inashinda.)

Nitaambiwa kasiksi ni chafu. Hofu hiyo ina msingi katika mji unaoijua kipindupindu. Basi mwenye mgahawa amchague mtengenezaji mmoja, amuulize maji anayatoa wapi, aone bidoni zake. Kuificha nyuma hakuisafishi.

Na kuna suala la pesa. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Katoni ya divai inapeleka franka zetu mbali. Jibini inashuka kwa barabara ya Sake, na barabara hiyo ikikatwa, mfugaji wa Masisi anabaki na maziwa yake.

Mwishowe mama yule aliniletea kasiksi, katika kikombe cha plastiki, akikifunika kwa mkono ili wateja wengine wasione. Mezani pa pili mzee mmoja alinusa, akageuka, akaagiza na yake.