Hayakuwa Mapigano

Mwezi uliopita safari ilinifikisha Kimilili, huko Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Nilikwenda kumzuru mzee mmoja wa Kibukusu aliyekuwa jirani yangu Likoni, fundi wa baiskeli, hodari wa kazi yake. Tukanywa chai, tukazungumza ya zamani. Mimi nikayataja "mapigano ya kikabila" ya 1992, nduguze waliposhuka kutoka mlimani bila ya kitu. Mzee akaweka kikombe chini. "Mapigano ni ya watu wawili, bwana. Sisi tulifukuzwa."

Neno hilo limenikaa moyoni, maana kazi yangu ni maneno. Warusi wanalo lao, pogromu: kundi la watu huwavamia jirani zake, na dola ama imelituma ama imefumba macho. Aprili 1903, mjini Kishinev, baada ya gazeti kueneza uzushi kuwa Mayahudi wamemwua mtoto kwa ajili ya damu yake, watu 49 waliuawa, polisi wakitazama. Ujerumani, usiku wa 9 Novemba 1938, chama tawala kiliamrisha chenyewe. Wazima moto wakaacha masinagogi yaungue, wakalinda majumba ya kando tu. Nani atathubutu kuyaita hayo mapigano?

Na ajabu ni hii. Baada ya Kishinev, Waingereza waliwatajia Mayahudi nyanda za Uasin Gishu, jirani na Kitale, ziwe kimbilio lao. (Wenye nchi hawakuulizwa.) Wazayuni wakakataa mwaka 1905. Pande hizo hizo ndizo zilizoungua tangu Oktoba 1991, vyama vingi vilipoanza kudaiwa. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku, mbunge wetu wa Changamwe, ikawataja wakubwa waliochochea. Bunge lenyewe likaitupa ripoti. Tume ya Jaji Akiwumi nayo baadaye ikauona mkono wa wanasiasa. Wasabaoti pia walizika watu wao, na hilo mzee hakulificha. Basi wahariri, na wa ukurasa huu wakiwamo, wataendelea mpaka lini kuandika "mapigano"?

Wala sisi wa Pwani tusikae barazani tukawanyoshea kidole watu wa bara. Agosti 1997 karatasi zilitembea Likoni zikiwaamuru wabara waondoke, na uchaguzi u karibu. Vijana waliolishwa kiapo Kaya Bombo hawakujituma wenyewe. Dhulma ya ardhi tuliyofanyiwa ni kweli, siikanushi. Na iliyo kweli ndiyo aitafutayo mchochezi, apate kuni kavu. Chuoni tulisomeshwa haki ya jirani, hata asiye wa dini yetu. Usiku wa tarehe 13 fundi yule alibisha mlangoni kwangu. Sikufungua. Akaishia kanisani pamoja na wengine wengi, kisha akarudi kwao.

Nilimwambia haya kule Kimilili kwa ulimi mzito. Akasema alijua kuwa nimo ndani. Taa ilikuwa ikiwaka.