Nyota 4 Zimekuwa Adhabu

Ndugu yangu, dada yangu, ukilala kwenye nyumba ya Airbnb pale Homa Bay, asubuhi ukabonyeza nyota 4 ukidhani umemsifu mwenyeji wako, jua umemuumiza.

Fanya hesabu na mimi. Cheo cha Superhost kinataka wastani wa 4.8, na hukaguliwa kila miezi 3. Chukua wageni 10. Saba wampe 5, watatu wampe 4. Jumla ni 47, wastani 4.7. Cheo hana, na hakuna hata mgeni mmoja aliyelalamika! Shule gani hii ambayo alama 94 kwa 100 ni kufeli?

Na nyota hukatwa kwa nini? Stima ilipotea usiku. Mfereji ulikauka. Barabara ina mashimo. Mgeni huombwa apime hata mahali nyumba ilipo, kana kwamba mama wa Migori anaweza kujitwika kiwanja chake akakihamishia Westlands.

Halafu kuna yule aliyeambiwa "hapa pombe hapana", sheria aliyoisoma kabla ya kulipa, akaondoka amenuna na kuacha nyota 2. Wengine 9 wakitoa 5 kila mmoja, bado ni 4.7. Hasira ya mtu mmoja imemeza shukrani za watu tisa. Mwenye chumba kimoja atangoja miezi mingapi kuziba hilo pengo?

Hoteli hazihukumiwi hivi. Nyota zao hutoka kwa wakaguzi, wakiwa na vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilivyoandikwa. Mwenyeji mdogo anapimwa na yeyote, kwa kipimo kilicho kichwani mwake.

Utasema, bila nyota matapeli watajaa. Kweli kabisa, na mgeni pia ana haki yake. Hatusemi zifutwe. Tunakataa mtu kufungiwa riziki kwa makosa ya kampuni ya stima, bila kusikilizwa.

Na hapa sheria iko upande wako, ila wengi hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Tangazo lako likizimwa, waandikie. Uliza ni mtu aliyeamua au ni programu. Kama ni programu, dai binadamu aangalie upya. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Homa Bay iliandaa Madaraka Dei 2025, kisha kongamano la ugatuzi Agosti mwaka huohuo. Wageni watakuja tena, na vijana wetu watafungua milango. Kwa hivyo wewe mgeni, stima ikipotea, iandike kwenye maoni yako, lakini nyota mpe aliyefua mashuka. Na wewe mwenyeji, piga picha za skrini za kila ujumbe leo, kabla akaunti haijafungwa.