Neno la Mhariri: Baada ya Hekalu Kuanguka

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu, Waislamu na Wakristo, hudhani kuwa wanaifahamu dini ya Mayahudi, kwa kuwa tangu utotoni wamesimuliwa habari za Ibrahimu na agano lake, za Musa na Torati aliyoipokea mlimani Sinai, na za ufalme wa Daudi na Suleimani. Lakini aliyekomea hapo ameijua nasaba ya dini hiyo tu, naye akiingia leo katika sinagogi hataona madhabahu, wala mnyama wa kafara, wala kuhani wa kumchinja.

Asili ya badiliko hilo ni msiba. Mwaka 70 majeshi ya Roma, chini ya amri ya Titus, yaliiteka Yerusalemu na kuliteketeza Hekalu, ambamo ndimo dhabihu zilimojuzu kutolewa. Na ibada iliyofungamana na mahali pamoja ilitazamiwa kutoweka pamoja napo. Haikutoweka, kwa sababu ulamaa waitwao marabi, ambao Yohanan ben Zakkai aliwaongoza huko Yavne, waliihamishia katika sala, katika darasa na katika nyumba ya kila mtu, hata meza ya chakula ikapata heshima ya madhabahu. Ndiyo maana Sabato huanzwa nyumbani jioni ya Ijumaa kwa mishumaa, mvinyo na mkate, na hadi nyota zionekane jioni ya Jumamosi kazi za namna 39 huwa haramu, mojawapo kuwasha moto.

Karibu na mwaka 200 rabi Yehuda ha-Nasi aliikusanya Mishna, yaani sharia zilizokuwa zikipokewa kwa mdomo, na juu ya msingi huo ulamaa wa Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki, wakaijenga Talmudi, kitabu cha mijadala yao juu ya sharia hizo. Hapa, kwa rai yangu, ndipo penye ajabu kuu: kwamba hoja iliyoshindwa haikufutwa. Wanafunzi wa mwalimu Shammai walishindwa mara nyingi na wanafunzi wa mwenzake Hillel, na hata hivyo maneno yao yamehifadhiwa bega kwa bega na ya washindi wao, yakasomeshwa kizazi baada ya kizazi; ni sharia chache duniani ziwezazo kujifahari hivyo.

Juu ya itikadi sitasema mengi. Rabi Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba akafariki Misri mwaka 1204, na ambaye falsafa yake aliiandika kwa Kiarabu, aliweka misingi 13, wa kwanza wao kuwapo kwa Muumba na wa pili umoja wake. Lakini Myahudi aghalabu hujulikana kwa amri azishikazo, tohara ya siku ya nane, funga ya Yom Kippur, nyama isiyochanganywa na maziwa, kuliko kwa shahada aitamkayo.

Dini ya namna hiyo yaweza kushikwa popote, nayo imeshikwa karibu nasi. Mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, kiongozi Semei Kakungulu aliishika dini hii akatahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea hata Idi Amin alipoipiga marufuku ibada yao. Mwaka 2002 mamia yao waliingizwa rasmi katika dini na marabi waliotoka ng'ambo. Wako marabi wengine wasiowakubali kwa kuwa hawakuridhika na utaratibu uliotumika. Mimi nawahesabu kuwa Mayahudi.