Mgeni Hupokewa na Mwenye Nyumba

Siku hizi wenzetu wengi wa Pwani wameanza kupanda bara kwa matembezi, nami nafurahi. Zamani Mswahili alikwenda bara kwa biashara, au kwa kazi ya serikali, au kwa msiba wa jamaa. Kwenda kutazama tu lilikuwa jambo la Wazungu. Leo utawakuta watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wake kwa waume pamoja na watoto wao, wamo katika magari yaendayo Nyeri kuutazama Mlima Kenya. Ni jambo jema. Dini yetu yenyewe imetuhimiza tutembee katika ardhi, tuyatazame yaliyoumbwa na tuzingatie yaliyowapata waliotutangulia. Lakini kutazama kuna adabu yake, na adabu hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza leo. Naona nchi yetu imejifunza kufungua lango la mbuga, bali haijajifunza kumwita mwenye nyumba aje ampokee mgeni.

Mfano wangu ni Mweiga. Huu ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa Nyeri, katika barabara iendayo Nyahururu. Upande wa mashariki utauona Mlima Kenya, iwapo mawingu yamekupa ruhusa. Upande wa magharibi umesimama ukuta wa milima ya Nyandarua. Baridi ya huko si ya mchezo, na maji ya kutawadha alfajiri humpima mtu imani yake. Hapo Mweiga ndipo penye makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyotengwa mwaka 1950. Ndani yake mna tembo, nyati na vifaru, na yako maporomoko ya Karuru yanayoshuka mita 273 kwa vidato vitatu. Mito ya Chania na Gura hutoka katika milima hiyo ikaingia katika mto Tana, na Tana ndio huo huo unaokuja kumwagika kwetu karibu na Kipini. Kwa hiyo mtu wa Garsen asidhani Nyandarua ni ya wengine. Maji yake anayajua siku nyingi.

Sasa tutazame majina. Milima hii Wagikuyu wanaiita Nyandarua, kwa kuwa umbo lake wanalifananisha na ngozi iliyowambwa ikauke. Akapita msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, katika safari yake ya 1883 na 1884, akaiona kwa mbali, akaipa jina la Lord Aberdare aliyekuwa rais wa chama cha jiografia huko London. Bwana huyo hakuikanyaga milima hiyo. Hata hivyo jina lake ndilo lililoandikwa juu ya lango la mbuga hadi leo, na mtoto wa shule anayetoka Mombasa huondoka Mweiga akilijua jina la bwana wa London, asijue jina walilozaliwa nalo watu wa pale.

Baada ya majina, tutazame visa. Kisa cha Nyandarua kinachojulikana zaidi ulimwenguni ni cha usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, hoteli ndogo iliyojengwa juu ya mti, na usiku ule baba yake akafa, naye akawa malkia. Mwenyeji wake alikuwa Mwingereza mwenye hoteli, na aliyeketi naye pale juu ya mti alikuwa Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyezaliwa India. Kwa jinsi kisa kile kinavyosimuliwa, Mgikuyu hana sauti ndani yake. Miezi tisa haikutimia ila hali ya hatari imetangazwa, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza hoteli ile kwa moto. Katika msitu ule ule Dedan Kimathi aliwaongoza watu wake mpaka alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa misitu ili wapiganaji wasipate chakula. Leo unapita ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400, uliokamilika mwaka 2009. Huo ni wa kheri, kwani umewazuia tembo wasile mashamba na umeulinda msitu. Lakini mgeni akionyeshwa ua asielezwe handaki, ameona nusu ya nchi.

Iko na hoteli nyingine katika msitu huo ambayo jina lake la Kiingereza maana yake ni Safina. Jina zuri. Ila sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba katika safina ya Nabii Nuhu waliingia watu pia. Hawakuingia wanyama peke yao.

Huenda msomaji akauliza: mbona tutake zaidi? Watalii hufuata wanyama na mandhari, na hayo wanayapata. Jawabu la swali hilo liko upande wa pili wa ukuta wa Nyandarua. Milima hii ni volkano za kale zilizosimama kando ya Bonde la Ufa, na ukishuka bondeni upande wa magharibi ardhi inachemka: Olkaria, Eburru, Menengai, na mbele zaidi Bogoria, ambako maji ya moto hutoka chini kwa kishindo yakaruka juu. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke mwaka 1981. Baadhi ya wahandisi wetu wa kazi hiyo walipelekwa kusoma New Zealand, kwa sababu nayo ni nchi ya mvuke. Walirudi na elimu ya kuchimba visima, nayo imetufaa. Lakini palikuwa na somo la pili kule, la namna ya kumpokea mgeni, na hilo hatukulibeba.

Huko New Zealand iko wilaya iitwayo Rotorua, jina la Kimaori lenye maana ya ziwa la pili. Ardhi yake inafuka moshi, matope yanatokota, na chemchemi iitwayo Pohutu hurusha maji yake angani. Wamaori wa kabila la Te Arawa wamekaa hapo karne nyingi, wakipikia na kuogea maji hayo. Huamkiana kwa kugusanisha pua, desturi isiyo ngeni kwa jamaa zetu walioko Oman na Ghuba. Karne ya kumi na tisa, wageni kutoka Ulaya walipoanza kufurika kuja kutazama matuta ya mawe meupe na ya waridi yaliyokuwa kando ya ziwa, waliowapokea, waliowavusha kwa mitumbwi na kuwasimulia walikuwa Wamaori wenyewe, na wanawake wao walikuwa mbele katika kazi hiyo. Tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ulilipuka, watu zaidi ya mia wakafa, na matuta yale yakatoweka. Walionusurika walipokewa na jamaa zao katika kijiji cha Whakarewarewa, na huko wakaendelea kuongoza wageni. Ajabu yao ya mawe ilikwisha kupotea, lakini walikuwa bado na habari za nchi yao, na habari hizo hakuna mlima uliozilipua.

Mmoja wa waongozaji hao alikuwa Makereti Papakura. Mwaka 1901 alipokuja mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Tano, Makereti ndiye aliyemtembeza Whakarewarewa. Bibi huyu baadaye alisoma Oxford, akaandika kitabu juu ya watu wake kilichochapishwa mwaka 1938, miaka minane baada ya kufa kwake. Basi lipime jambo hili, ndugu msomaji. Babu alipokwenda Rotorua mwaka 1901, alipokewa na binti wa nchi. Mjukuu alipokuja Nyandarua mwaka 1952, alipokewa na wageni wenzake. Ukoo wa kifalme ni ule ule. Kilichotofautiana ni nani aliyesimama mlangoni.

Sisemi kwamba Wamaori waliishi raha mustarehe. Baada ya mkataba wa Waitangi wa 1840 walinyang'anywa ardhi nyingi, wakapigana, wakashtaki, na madai yao yaliendelea vizazi kwa vizazi. Lakini kwa kuwa mlango haukuwatoka mikononi kabisa, walikuwa na pa kusimama. Mwaka 1963 serikali yao iliunda kwa sheria chuo cha sanaa za Kimaori hapo Whakarewarewa, vijana wakafundishwa kuchonga na kusuka, na mwaka 2020 sheria nyingine ikakirudisha chuo hicho kwa makabila yenye ardhi yake.

Sasa turudi kwetu tukatazame Bogoria. Ziwa hilo nalo liliwahi kuitwa Hannington, kwa jina la askofu wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1885 akaenda kuuawa Busoga. Wenyewe ni Waendorois, wafugaji, ambao ziwa hilo ndilo pahala pa ibada zao na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1973 serikali ilitangaza hifadhi ya wanyama, nao wakaondolewa. Mgeni akaingia kuwatazama heroe na maji yanayochemka. Mwenye ziwa akabaki nje. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 shauri lao likafikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitolewa mwishoni mwa 2009 na kukubaliwa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa 2010: kwamba haki zao za ardhi, utamaduni, ibada na maendeleo zilivunjwa, warudishiwe ardhi na wapewe sehemu ya mapato. Miaka imepita, na wenyewe wanalalamika kuwa uamuzi huo haujatekelezwa kikamilifu. Huko Olkaria nako, mwaka 2014, vijiji vya Wamasai vilihamishwa kupisha mitambo ya mvuke.

Ibada za Waendorois si ibada zetu, na hatutakiwi kuziamini ndipo tuitambue haki yao. Sisi tumefundishwa haki ya jirani kabla ya kufundishwa mengi mengine, na jirani haulizwi dini yake ndipo apewe haki yake.

Wako watakaosema kwamba utamaduni ukiletwa mbele ya mtalii huharibika, ukageuka ngoma za kuchezwa hotelini jioni kwa shilingi. Ni kweli, nami nimeziona. Lakini ngoma hizo huharibika kwa sababu mchezaji ameajiriwa, hakualika. Mwenye nyumba anapoalika, yeye ndiye anayechagua chumba cha kumkaribisha mgeni na chumba cha kufunga. Anajua lipi la kusimulia na lipi la kusitiri. Aliyeajiriwa hana hiari hiyo.

Na sisi wa Pwani tusijidanganye kuwa haya ni ya Wabara. Gedi yetu ilipoanza kufukuliwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi baadaye, vitabu vya wageni viliandika kwamba miji ile ya mawe ilijengwa na watu waliotoka ng'ambo, nasi tuliirithi tu kama mpangaji arithivyo jiko. Wataalamu wamekwisha kuuona uongo huo, kwamba ni Waswahili waliojijengea. Lakini nenda kamsikilize mtembezi wa watalii asiyejua habari za mji, utalisikia lile la zamani likiuzwa upya. Alipokuja Ibn Battuta Mombasa mwaka 1331, aliandika habari za watu: dini yao, ndizi na samaki wanaokula, misikiti yao ya mbao. Hiyo ndiyo adabu ya msafiri. Alipofika, aliwatazama walioko.

Basi rai yangu ni hii. Kwanza, jina la Nyandarua liandikwe langoni Mweiga, kubwa kama lile la bwana wa London. Pili, vijana wa Mweiga na Nyeri wasomeshwe kazi ya kuongoza wageni, na wazee wanaovijua visa vya msitu walipwe kwa elimu yao kama anavyolipwa mtaalamu yeyote. Tatu, wenye ardhi, wawe Waendorois au Wamasai au Wamijikenda wenye makaya, wawe na sehemu ya mapato iliyoandikwa katika sheria, wasingoje hisani. Na nne, hili ni letu sisi watembeaji: ukifika mahali, kabla ya kutoa kamera, muulize mtu wa pale panaitwaje.

Kwa desturi yangu, fikira hii nimeifunga katika ubeti mmoja:

Mgeni anapobisha, mwenye nyumba afungue,
Ndani akimuingisha, kiti chake achague,
Kisa akimfundisha, ukweli usipungue,
Mlango ukikodisha, nyumba si yako, ujue.

Shule zikifungwa, wengi mtawapeleka watoto kuuona mlima. Wapelekeni, na makoti msiyasahau. Mkifika Mweiga, mtafuteni mzee wa pale, mumwamkie, mkae kitako awahadithie. Wanyama watawangoja.