Saa isiyodhuru mazingira ni ipi?

Mnamo Agosti 2025, mahakama moja ya jijini Frankfurt, Ujerumani, ilitoa uamuzi ambao haukuvuma sana katika nchi zetu ingawa ulistahili kuvuma. Kampuni ya Apple ya Marekani ilikatazwa kuendelea kuitangaza saa yake ya mkononi nchini humo kuwa ni bidhaa isiyoongeza hewa ya kaboni angani. Walioishtaki ni Deutsche Umwelthilfe, chama cha kutetea mazingira. Kampuni hiyo ilikuwa ikilitoa dai hilo tangu Septemba 2023, na sehemu ya dai lenyewe ilisimama juu ya mikaratusi: kwamba kaboni isiyoweza kuepukwa katika utengenezaji wa saa hizo ingefidiwa na mashamba ya mikaratusi nchini Paraguay. Mahakama ikabaini kuwa robo tatu ya ardhi ya mradi huo ilikuwa imekodishwa hadi mwaka 2029 tu, na kwamba kampuni haikuweza kuthibitisha kuwa mkataba ungeendelea baada ya hapo.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa mkaratusi ni mti gani. Mwaka 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza miti hiyo iondolewe kandokando ya mito na chemchemi kwa kuwa ilishutumiwa kunyonya maji kupita kiasi. Sisemi kwamba mkaratusi ni mti mwovu. Umewapa watu wetu kuni, nguzo za stima na hata karo ya shule. Nisemalo ni kwamba mti uliopandwa ili ukatwe ni dhamana dhaifu mno kwa hewa chafu ambayo, ikishapanda angani, hukaa huko karne na karne. Umoja wa Ulaya nao umeling'amua jambo hili: sheria uliyoipitisha mwaka 2024, iliyopangiwa kuanza kutumika Septemba 27, 2026, inaharamisha madai ya aina hiyo yanayoegemea fidia ya miti iliyo kwingineko.

Nimeitanguliza kesi hii kwa sababu wapo walimu na wanafunzi wengi wanaotaka, kwa nia njema kabisa, kununua saa isiyoyadhuru mazingira, na ambao huanza kwa kutafuta picha ya jani la kijani kwenye kasha. Kwa maoni yangu, kasha ndipo mahali pa mwisho pa kutazamwa. Igeuze saa uitazame mgongoni. Je, kifuniko chake kinafunguka? Ni nani katika mtaa wako awezaye kukifungua? Na kile atakachokitoa ndani kitakwenda kutupwa wapi?

Maswali haya yana historia yake. Kwa karne kadhaa takriban saa zote ziliendeshwa na utepe wa chuma uliokazwa kwa ufunguo. Kisha, Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ikaanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi iliyoongozwa na kipande cha jiwe la kwatsi. Jiwe hilo likipitishiwa umeme hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika, na katika saa nyingi za aina hiyo zinazouzwa leo hutetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde. Naam, ilikuwa neema kubwa. Saa iliyokuwa alama ya ukwasi ikawa kitu ambacho hata mwalimu mwenye mshahara mdogo angeweza kukimudu, tena yenye kwenda sawasawa kuliko ya tajiri. Lakini neema hiyo ilikuja na kidonge cha betri, na kidonge hicho, kwa miaka mingi, kilitiwa zebaki.

Zebaki si jambo la mzaha. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao wakazi wake walisumishwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Uamuzi wa kuanza majadiliano ya mkataba huo ulifikiwa papa hapa Nairobi mwaka 2009, mkataba ukaafikiwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Baada ya mwaka 2020 betri zenye zebaki zilipigwa marufuku, ila vidonge vya fedha na vile vya zinki na hewa viliruhusiwa kwanza kubaki na kiasi kisichofikia asilimia mbili. Waundaji wengi sasa hutengeneza vidonge visivyo na zebaki hata chembe, na ni vyema kumuuliza fundi akuonyeshe maandishi ya hilo kwenye pakiti.

Zipo pia saa zinazotumia betri bapa ya lithiamu. Mfano maarufu ni Casio F-91W, ile saa nyeusi ya plastiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo hadi leo huonekana mikononi mwa wanafunzi, makondakta na maafande. Wajuzi wa mitindo huidharau. Mimi naiheshimu. Betri yake moja imekadiriwa kudumu takriban miaka saba, yaani mtoto aliyeivaa akiingia Gredi ya Sita yumkini atamaliza Gredi ya 12 kwa betri ileile. Na kifuniko chake kimeshikwa na skrubu nne ambazo bisibisi ndogo huzifungua. Ole wako, hata hivyo, ukiuziwa bandia, nazo zimejaa madukani. Hiyo haitakufikisha popote. Walimu wa madarasa ya chini wazingatie jambo moja zaidi: betri bapa ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 ikimezwa na mtoto na kukwama kooni huweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili. Isiachwe mezani hata ikiwa imekwisha nguvu.

Linganisha na hizi saa janja ambazo wazazi wengine huwanunulia watoto wao kama tuzo ya kufaulu mtihani. Nyingi hudai umeme kila siku au kila baada ya siku chache, betri zake hudhoofu baada ya miaka michache, na kwa kuwa zimegandishwa kwa gundi, fundi wa kawaida hathubutu kuzigusa. Isitoshe, sehemu kubwa ya madhara ya kifaa kidogo kama hiki hutokea kabla hakijafika dukani: kwenye migodi, viwandani na safarini. Hivyo basi, kila inapolazimu kununua kingine, madhara hayo hurudiwa upya. Sikatai kwamba saa janja yaweza kumfaa mgonjwa wa moyo. Kumwarifu mtoto kwamba kipindi cha Hisabati kimekwisha si kazi inayohitaji kompyuta.

Wengine watauliza, je, zile zinazokula mwanga? Citizen walitoa saa ya akrabu ya namna hiyo mwaka 1976, na mwaka 1995 wakaanzisha Eco-Drive, ambayo mwaka uliofuata ilipata alama ya mazingira ya Japani. Kwetu sisi tunaoishi kwenye ikweta mwanga si haba, na nadhani hili ni chaguo zuri kwa anayelazimika kununua saa mpya. Lakini ieleweke kwamba ndani yake mna betri vilevile, ila ni ya kuchajiwa. Ikizeeka baada ya miaka mingi, fundi asiyejua hutia betri ya kawaida mahali pake. Betri ya kawaida haikuumbwa kuchajiwa. Huweza kuvuja na kuiharibu saa nzima.

Ndiposa moyo wangu bado umeelemea saa ya kutia ufunguo, au ile inayojikaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo John Harwood, Mwingereza, aliibuni kwa ajili ya mkono katika miaka ya 1920. Haina betri. Magurudumu yake yanaonekana, yanasafishwa, yanatiwa mafuta; na mwalimu wa Fizikia anaweza kuifungua mbele ya darasa akafundisha nguvu, msuguano na meno ya gia bila kutaja kitabu. Hupotea sekunde kadhaa kwa siku, lakini sijawahi kuona kengele ya shule yoyote iliyo sahihi zaidi ya hapo. Fauka ya hayo, uso wa akrabu humfaa Mswahili: mshale mfupi ukielekea saba, tazama upande wa pili utaiona saa moja yetu. Saa ya tarakimu haina ukarimu huo.

Wahenga walisema kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Katika jambo hili, hata dhahabu yenyewe ina walakini. Kwa mujibu wa tathmini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2018, wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio wanaoongoza kwa kutoa zebaki hewani, kwa kiasi cha asilimia 38 ya ile itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Huku kwetu Migori na Kakamega kuna wachimbaji waliozoea kuikanda kwa mikono. Anayeikimbia betri kwa sababu ya zebaki, kisha akanunua saa ya dhahabu isiyojulikana imechimbwa wapi, ameirudisha zebaki ileile mtoni. Chuma cha pua kinatosha.

Kuhusu plastiki zitokanazo na mimea, Swatch ya Uswisi ilianza mwaka 2020 kuuza saa za plastiki iliyotokana na mbegu za mbarika, mmea uotao ovyo kando ya barabara zetu. Wanafunzi wasichanganye asili na hatima: plastiki kuzaliwa na mmea hakumaanishi kwamba itaoza kama mmea. Na mikanda nayo ina mambo yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, uliotolewa Desemba 2024, uliipima mikanda 22 na kukuta 15 ina florini nyingi, dalili ya zile kemikali zisizooza. Mkanda wa kitambaa ni rahisi na hufuliwa.

Lakini saa bora kuliko zote hizi ni ile iliyokwisha kutengenezwa zamani, iliyolala sandukuni kwa mjomba au nyanya. Hiyo haihitaji mgodi mpya. Yahitaji fundi, na hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Mafundi wa saa wenye vibanda kwenye vibaraza vya miji yetu wanazeeka, na vijana hawajifunzi kazi hiyo. Mafundi hao hao ndio hukusanya betri zilizokufa katika makopo yao. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kutumiwa upya ipasavyo. Kopo la fundi likijaa, kwa kawaida huishia kwenye takataka nyingine, na taka za Nairobi huishia Dandora.

Sheria tunayo. Ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 humbebesha mzalishaji mzigo wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza, na humhesabu mwagizaji kutoka nje kuwa mzalishaji. Basi wanaoingiza saa na betri kwa makontena watakiwe kulipia ukusanyaji wa makopo hayo katika kila mji, na vyuo vyetu vya ufundi vipewe meza, lenzi na mwalimu mmoja wa kazi hii kabla wazee walioijua hawajafunga vibanda.