Jiji la Maji Baridi na Vijiji Visivyokuwa na Hati

 

Ni nadra siku hizi kukuta nyumba ya Mombasa, Lamu au Malindi isiyokuwa na mtu wake Nairobi. Huyu ana binti aliye chuo kikuu, yule ana mume aliyehamishiwa huko kikazi, mwingine ana dada aliyeolewa huko na kuzaa huko. Hata hivyo, tukiutaja mji huo bado twautaja kama ugenini. Twasema “bara”, tukamaliza. Twajua nauli ya kwendea na baridi ya mwezi wa Julai, lakini ni wachache wetu wajuao kwamba Nairobi iliwahi kuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, na kwamba upande wa magharibi wa jiji hilo ulizijua nyayo za Wapwani kabla ya reli kufika. Qur’ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame yaliyowapata waliotutangulia. Wiki hii, basi, safu yetu yapanda bara, na safari hii ina somo linalotuhusu sisi tulio huku chini.

Tuanze na ardhi yenyewe. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na mto uliopewa jina hilo huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, upande wa magharibi. Katikati ya jiji pana kimo cha takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea magharibi nchi yazidi kupanda hadi uione milima ya Ngong, ambayo kilele chake kinafika mita 2,460. Ukielekea mashariki nchi yalala ikawa mbuga tambarare. Pande hizi mbili hazifanani. Magharibi kuna migongo ya vilima na mabonde, udongo mwekundu unaopitisha maji, na mvua ya kutosha. Mashariki kuna udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Tofauti hii yafaa ikumbukwe, kwa sababu wakoloni waliitumia kuamua ni nani akae wapi.

Jambo jingine la jiografia lawahusu hasa wenye watoto walio huko. Nairobi iko magharibi ya Mombasa kwa karibu nyuzi tatu za longitudo, na jua huchukua dakika nne kuvuka uzi mmoja. Kwa hiyo linapotua Mombasa, Nairobi bado laonekana kwa dakika kadhaa. Mama aliye Mombasa akimpigia simu mwanawe wa Kilimani jioni ya Ramadhani kumwambia kwamba adhana imekwisha, na ajue kwamba mwanawe hana budi kusubiri kidogo. Kila mji hufuata jua lake.

Sasa tuje kwenye historia. Vitabu vingi vya shule huianza Nairobi mwaka 1899, reli ilipofika. Lakini chini ya milima ya Ngong palikuwa na kituo kilichojulikana na misafara kwa jina la Ngongo Bagas, ambapo wafanyabiashara na wapagazi kutoka pwani walikuwa wakipumzika na kununua chakula cha Wakikuyu kabla ya kulikabili Bonde la Ufa. Mwaka 1890 Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, alipojenga ngome huko Dagoretti, alifika na msafara wa wapagazi waliotoka pwani. Alifanya mapatano na kiongozi wa Kikuyu, Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa akapelekwa kuelekea pwani, akafariki njiani, Kibwezi. Hivyo Dagoretti, ambayo leo ni mitaa ya magharibi ya Nairobi, inabeba kumbukumbu ya ahadi iliyovunjwa tangu siku za mwanzo.

Mwishoni mwa Mei 1899 reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye mto wa maji baridi, baada ya zaidi ya kilomita 500. Kambi ikawa mji, na mwaka 1905 makao makuu ya utawala yakaondolewa Mombasa yakapelekwa huko. Wengi wa waliofuata reli walikuwa Waislamu: mafundi na wafanyakazi kutoka Punjab, wafanyabiashara wa Kihindi, Wasomali, Wanubi waliokuwa askari, na Waswahili wa pwani waliokuwa wapagazi, wapishi, wakalimani na wachuuzi.

Waislamu hao walijitafutia mahali pa kusujudia. Msikiti wa Jamia, ulio katikati ya jiji, historia yake huanzia mwaka 1902, na jengo tulionalo leo lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Lina kuba tatu na minara miwili, na limezungukwa na maduka, Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, na Soko Kuu la jiji. Mbali kidogo, wafuasi wa Aga Khan walikamilisha jamatikhana yao mwaka 1922. Wakristo wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la All Saints mwaka 1917, na likawekwa wakfu lilipokamilika mwaka 1952. Katika desturi za kale za Uingereza, mji ulihesabiwa kuwa jiji ukiwa na kanisa kuu la askofu. Nairobi yenyewe ilipata hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza mwezi Machi 1950. Kufikia siku hiyo, Msikiti wa Jamia katika jengo lake la sasa ulikuwa umekwisha kuswaliwa Ijumaa kwa miaka kumi na saba.

Zaidi ya kuvutia macho, Jamia inatufunza jambo. Kiwanja chake kilijulikana ni cha nani, jengo likawa na wasimamizi, na mipaka yake ikajulikana. Ardhi ile leo ina thamani isiyosemeka, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia Waislamu waondoke. Sasa linganisha na yale yaliyovipata vijiji.

Katika miaka ya mwanzo ya Nairobi, Waafrika walijijengea vijiji vyao pembezoni mwa mji. Miongoni mwavyo palikuwa na Mombasa, Maskini, Pangani, na kule magharibi, Kileleshwa. Vijiji hivi vilizungumza Kiswahili na kufuata mila za miji yetu: nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha, misikiti midogo, vyuo vya Qur’ani, kanzu na buibui. Pangani ni jina la mji wa pwani ya Tanganyika, na Mombasa halihitaji maelezo. Watu waliubeba mji wao wakaujenga upya kando ya mto wa baridi.

Akina mama na wajue hili pia: watafiti wa historia ya Nairobi wameonyesha kwamba wenye nyumba wengi katika Pangani, na baadaye Pumwani, walikuwa wanawake. Wengi wao walifika peke yao kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakasilimu, wakajenga nyumba kwa fedha zao na kuishi kwa kodi za wapangaji. Uislamu uliwapa jamaa na heshima, na pia sheria inayomtambua mwanamke kuwa mmiliki wa mali yake, anayerithi na kurithiwa.

Lakini ardhi haikuwa yao. Mtaalamu wa afya aliyeitwa Simpson alikwisha pendekeza mwaka 1913 kwamba mji ugawanywe kwa rangi za watu. Wazungu wakajichagulia magharibi, penye kimo, hewa na udongo mwekundu. Wahindi wakapata Parklands na sehemu nyingine. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo unaonata. Katika miaka ya 1920 Mombasa, Maskini na Kileleshwa vilivunjwa, na Pangani ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba walielekezwa Pumwani, ambako waliruhusiwa kujenga lakini hawakupewa umiliki wa ardhi. Leo Kileleshwa ni mtaa wa magorofa na mabalozi, na mpita njia hawezi kukisia kwamba palikuwa na kijiji cha Waswahili. Walioishi pale hawakuacha karatasi ya kuwashuhudia.

Kijiji kimoja cha magharibi hakikung’oka, nacho ni Kibra, ambayo wengi huiita Kibera. Jina hilo ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Wanubi wana asili ya Sudan. Babu zao walikuwa askari wa Misri, kisha wakaingizwa katika majeshi ya Mwingereza, wakapigana vita vyake Uganda na Kenya. Kuanzia mwaka 1904 waliruhusiwa kukaa katika msitu ule kama malipo ya utumishi wao, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walipewa vibali vya kukaa, wala hawakupewa hati miliki. Kibali kilimruhusu askari kujenga na kulima, ila hakikumwambia mwanawe kwamba atarithi.

Miaka ikapita, ardhi ile ikakatwa vipande vipande kwa ajili ya mitaa mipya: Woodley, Jamhuri, Langata, Ayany, Olympic, na hata mmoja uliopewa jina la Fort Jesus, kama ngome yetu ya Mombasa. Wageni kutoka kila upande wa nchi wakamiminika Kibra kutafuta makao ya bei nafuu, nao hawana lawama, kwa kuwa mji haukuwapa pengine. Wanubi wakawa wachache katika kijiji chao wenyewe. Vijana wao walipoomba vitambulisho waliulizwa maswali ya ukoo ambayo wenzao hawakuulizwa. Jambo hili mzazi wa pwani halihitaji kufafanuliwa, kwani wengi wetu tumewahi kuambiwa tulete kitambulisho cha babu.

Wanubi walidai haki kwa subira. Mwezi Machi 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuandikishwa na kutambuliwa uraia tangu kuzaliwa. Mwezi Juni 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288, kwa jina la pamoja. Tangu 1904 hadi 2017 ni miaka 113. Ekari 288 kati ya zaidi ya 4,000 hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Ni furaha na huzuni kwa pamoja.

Mbele ya Kibra, barabara ya Ngong hufika Karen, mtaa wa bustani kubwa unaohusishwa na shamba la kahawa la mwandishi wa Kidenmaki, Karen Blixen, aliyekaa hapo kuanzia 1914 hadi 1931. Msimamizi mkuu wa nyumba yake alikuwa Mwislamu wa Kisomali, Farah Aden. Jina la mwenye shamba limebaki kwenye ramani. La Farah limehifadhiwa vitabuni tu, kwa sababu bibi huyo aliandika habari zake. Hapa pia kalamu ndiyo iliyoamua nani akumbukwe.

Ndugu zangu, wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kwa hiyo uandishi ni sehemu ya dini yetu, wala si dalili ya kutoaminiana. Huku pwani ni nyumba ngapi ambazo bado ziko kwa jina la babu aliyefariki zamani? Ni viwanja vingapi ambavyo ushahidi wake ni mnazi na neno la mzee mmoja? Ni misikiti na vyuo vingapi vilivyotolewa wakfu kwa mdomo?

Yapo ya kufanya wiki hii hii. Kwanza, kaeni kama familia muulizane hati ya nyumba iko wapi na ina jina la nani. Ikiwa ni la marehemu, fungueni mirathi katika mahakama ya kadhi kabla wajukuu hawajaongezeka na mashahidi hawajapungua. Pili, mwenye nia ya kutoa wakfu na auandikishe kwa Kamisheni ya Wakfu, mipaka na wasimamizi wakiwemo. Tatu, fungu la mwanamke lisiachwe kuwa ahadi. Dada na binti waandikwe majina yao kwenye hati, kama sheria ya Mwenyezi Mungu ilivyowagawia. Nne, mtoto akizaliwa, cheti chake kichukuliwe mapema. Kilio cha Wanubi kilianzia kwenye karatasi hiyo ndogo.

Na mtoto wako aliye Nairobi, mwambie siku moja baada ya swala ya Ijumaa pale Jamia apite Kibra, awaulize wazee wa Kinubi habari zao. Atajifunza kwamba jiji lile si ugeni mtupu kwake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliojenga na wakabomolewa, na atujaalie sisi tuwe waangalifu wa amana. Amin. Tukutane Ijumaa ijayo, inshallah.