Mtoto anapumulia shingoni, kuran inaenda, leta iko wapi?

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi wote wenye mnatufuata: leo hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya barabara. Tunaandika juu ya watoto wenye wengi wetu hawajui hata kama wapo, kwa sababu hawatoki inje sana, na wakilia hawasikiki.

Ni watoto wenye walifunguliwa shingo mu hospitali. Mmoja alipaliwa na punje ya mahindi. Mwingine alikunywa soda ya kutengenezea sabuni, yenye ilikuwa mu chupa ya fanta. Mwingine alikaa siku nyingi na mupira wa mashini mu koo, mpaka njia ya pumzi ikajifunga. Munganga akafungua njia ingine chini ya koo, akaweka kamupira, mtoto akapona. Tunawaheshimu wale waganga, tena wengi wanafanya kazi na mshahara wenye unachelewa.

Lakini kale kamupira ni mwanzo wa kazi. Hewa haipiti tena mu pua, kwa hiyo hakuna kitu cha kuipasha moto, kuilowesha na kuchuja vumbi. Makohozi yanakauka, yananata, yanaziba. Na mnajua vumbi jekundu la huku kwetu mu Julai, pamoja na baridi yake! Lazima mzazi ayavute na mashini, mchana na usiku, sekunde chache kila mara, na kasonda kasafi, bila kukasukuma mbali. Kamupira kakiziba kabisa, ana dakika chache tu za kukatoa na kuweka kapya. Na mtoto hawezi kumwita: pumzi inatokea chini ya nyuzi za sauti, analia bila mlio. Yule mama halali. Anasikiliza pumzi.

Sasa ile mashini inatembea na nini? Na kuran. Ninyi wa Katuba, wa Ruashi, wa Kampemba, hatuna lazima ya kuwaeleza tena. "Kuran inaenda!" Siye tunakasirika juu ya simu na mechi. Kwa yule mama, mashini imekufa. Na saa ileile anawasha mbabula juu watoto wengine lazima wale, moshi wa makala unaingia moja kwa moja mu mapafu ya mtoto asiye na pua ya kuuchuja. Kukosa umeme kunamupiga mara mbili.

Tangu miaka ya 1980 kuna nyaya zinatoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700. Zilijengwa juu ya migodi. Zinapita juu ya vijiji vyenye vinawasha koroboi mpaka leo. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata umeme, cha 47 kinasema haki ya afya. Vifungu viwili vinafuatana, na yule mtoto anavihitaji vyote viwili kwa usiku mmoja.

Watatuambia hakuna makuta. Sheria ya migodi ya 2018 inasema asilimia 25 ya mrabaha wa madini inaenda ku jimbo, na asilimia 15 ku miji na sekteri zenye madini yanatokea. Kobalti yenye inatembeza magari ya Ulaya na China inatoka huku. Kwa hiyo waseme kitu kingine.

Wengine, hata vijana wenzetu, wanasema: malaria inaua wengi zaidi, muanze na ile. Sawa. Lakini nani amewahi kuona makuta yenye walimunyima mtoto wa kamupira yakienda kununua vyandarua? Umaskini wa leta tunauona ku hospitali. Ku misafara ya majipu hatujauona bado.

Tena kitu chenye kinatuuma zaidi ni kwamba hatuombi miujiza. Kuna mashini ya kuvuta yenye inatembea na mguu, unakanyaga kama pampu ya baisikeli, haihitaji kuran hata kidogo. Kuna kichujio kadogo kanaitwa pua ya bandia. Kamupira ka akiba, kamoja ka kipimo kilekile na kengine kadogo kidogo, ni kitu cha kuweka mu mfuko. Bila vitu vile, familia inapewa mtoto, fakitire, na "Mungu awasaidie". Wenye hawawezi kulipa wanazuiliwa juu ya deni. Wenye wanalipa wanakimbia mbele hata ya kujifunza kubadilisha kamba za shingo. Mtoto akifa, mu avenue wanasema ni bulozi, mara nyingi wanamunyooshea mama kidole. Siye wenye lisansi mu kabati na bila kazi, tuna wakati wa kutosha wa kuwajibu: si bulozi, ni makohozi.

Tunadai hivi: mtoto yeyote mwenye kamupira asirudishwe nyumbani bila pampu ya mguu, sonda, na tumipira tuwili twa akiba, kwa makuta ya jimbo, na bila watu wawili wa nyumba yake kufundishwa mpaka wafanye wenyewe mbele ya muuguzi. Wawili, juu mama naye anagonjwa. Na kila hospitali ya jimbo iwe na mtu mwenye kujibu simu usiku.

Kama mu avenue yenu kuna mtoto wa namna hii, musitume picha yake ku mitandao. Tuandikieni komini tu, na kitu chenye kinakosekana. Jina libaki nyumbani. Tunataka hesabu ile mbele ya kuingia ku bunge la jimbo, juu tunajua swali la kwanza watatuuliza: "Wale watoto ni wangapi?"